Kusaidiana kwa Wabanjar wa Kalimantan Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa kila nikiwataja Wabanjar na namna wanavyofanya kazi kwa pamoja: kuchimba mifereji, kulima mpunga wa bondeni, kupika shughuli, kuzika, kuzima moto. Majibu hayalingani kwa urefu. Suala la mfereji na lile la karai nimeyaachia nafasi, kwa sababu ndiyo yanayowaeleza watu hawa vizuri kuliko mengine yote.

Wabanjar ni nani?

Ni wenyeji wa kusini mwa Kalimantan, yaani upande wa Indonesia wa kisiwa kinachojulikana pia kwa jina la Borneo. Sensa ya mwaka 2010 ilihesabu Wabanjar zaidi ya milioni 4 Indonesia nzima, na kati yao wapatao milioni 2.7 walikuwa katika mkoa wa Kalimantan Kusini. Ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Lugha yao, Kibanjar, ni ndugu wa Kimalei. Mji wao mkubwa, Banjarmasin, huadhimisha kuzaliwa kwake tarehe 24 Septemba, ukihesabu kuanzia mwaka 1526, zama za Sultan Suriansyah, mtawala wao wa kwanza kusilimu. Usultani huo Waholanzi waliufuta mwaka 1860, vita vikiwa vinaendelea.

La kushika hapa ni maji. Mto Martapura unaingia mto Barito hapo Banjarmasin, bahari haiko mbali, na ardhi ni tambarare ya chini mno. Bahari ikijaa, mito nayo inapanda. Nyumba za asili zimesimama juu ya nguzo za ulin, mti mgumu usiooza upesi hata ukikaa majini. Watu hupita juu ya vijia vya mbao kutoka mlango hadi mlango, au hupanda mtumbwi, ambao wao huuita jukung. Mahali kama hapo, ubao ukioza mbele ya nyumba yako, atakayetumbukia huenda akawa mtoto wa jirani. Kwa hiyo kukarabati kijia hakujawahi kuwa kazi ya mtu mmoja.

Je, hii ndiyo ile "banjar" ya Bali?

Hapana. Kule Bali, banjar ni jumuiya ya mtaa, yenye ukumbi wake na wanachama wake. Ni desturi nzuri ya Wahindu wa Bali, lakini ni jambo jingine kabisa. Majina yamefanana tu.

Wao wenyewe wanauitaje ushirikiano huu?

Msemo unaotajwa kuliko yote ni *kayuh baimbai*: kupiga kasia kwa pamoja. Ndio kaulimbiu rasmi ya mji wa Banjarmasin. Mtu wa pwani ataelewa bila kufafanuliwa. Mtumbwi wa watu sita hauendi kwa sababu mmoja wao ana misuli. Unaenda kwa sababu makasia sita yanaingia majini kwa wakati mmoja. Anayepiga kwa nguvu nje ya mwendo wa wenzake anaupindisha mtumbwi.

Mji wa Banjarbaru nao umechukua *gawi sabarataan*, kazi ya wote. Wilaya ya Hulu Sungai Kusini imechukua *rakat mufakat*, umoja na maafikiano. Na kaulimbiu ya mkoa mzima ni *waja sampai kaputing*, chuma cha pua hadi ncha, msemo unaohusishwa na Pangeran Antasari, kiongozi wa vita dhidi ya Waholanzi aliyefariki mwaka 1862. Maana yake ni kwamba kazi ikianzwa haiachwi njiani.

Juu ya hayo kuna neno la Indonesia nzima, *gotong royong*, yaani kubeba mzigo pamoja. Tarehe 1 Juni 1945 Sukarno, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Indonesia, alisema kwamba misingi mitano ya taifa aliyokuwa akiipendekeza, ukiikamua hadi ibaki mmoja, utabaki huo wa gotong royong. Kwetu utafikiria ujima, msaragambo au harambee, na hutakuwa mbali. Tofauti ni kwamba harambee siku hizi imeelemea kwenye fedha, na gotong royong bado ni neno la mikono na migongo.

Kwa nini maji yawafanye watu washirikiane? Mbona hata wakulima wa nchi kavu hushirikiana?

Hushirikiana, ndiyo. Ila mkulima wa nchi kavu akigombana na kijiji kizima anaweza bado kulima shamba lake. Mbanjar wa bondeni hawezi.

Ardhi ya huko ni kinamasi. Chini ya udongo wa juu kuna madini ambayo yakipata hewa hutoa asidi, na maji yenye asidi yakituama shambani mpunga hauoni raha. Dawa yake ni mfereji. Bahari ikijaa, maji baridi ya mto husukumwa ndani ya mfereji hadi mashambani. Ikipwa, maji mabaya hutoka nayo. Kila siku bahari inafanya kazi ya kuosha shamba bila pampu na bila mafuta. Kinachotakiwa ni njia tu.

Njia hiyo wanaiita *handil*. Huanzia ukingoni mwa mto na kupenya kinamasini kilomita mbili, tatu au zaidi. Zamani ilichimbwa kwa mikono na kundi la familia chini ya kiongozi mmoja, mkuu wa handil, na mara nyingi mfereji ulibaki na jina la yule aliyeongoza kuufungua. Familia ziligawana vipande vya ardhi kulia na kushoto. Sasa fikiria wewe uko katikati ya mfereji. Aliye mdomoni asipofyeka magugu na kuzoa tope kwenye kipande chake, maji mema hayakufikii, na maji machafu ya shambani kwako hayatoki. Na wewe usipofanya, unamzamisha aliye nyuma yako. Ndiyo maana siku ya kusafisha handil ni ya wote, na mvivu hujulikana kabla ya jioni.

Ulama mkubwa wa Wabanjar, Sheikh Muhammad Arsyad al-Banjari, aliyezaliwa mwaka 1710 na kufariki 1812, anakumbukwa kwa vitabu vyake vya fiqhi. Wenyeji wa mji wa Martapura wanamkumbuka pia kwa mfereji. Aliporudi kutoka Makka alipewa ardhi pembezoni mwa mji, na watu wakachimba mfereji wa kuleta maji kwenye mashamba ya kijiji chake. Hadi leo mfereji ule unaitwa Sungai Tuan, Mto wa Bwana. Mwanachuoni anayeacha kitabu cha tohara na mfereji wa maji ameishughulikia tohara kwa pande zote mbili.

Baadaye Waholanzi walichimba mifereji mikubwa ya kuunganisha mito, maarufu ikiwa Anjir Serapat kati ya Barito na Kapuas, mwishoni mwa karne ya 19. Wabanjar wakaitoboa pande zote kwa handil zao na kuigeuza kuwa nchi ya mpunga. Na serikali ya Indonesia ilipoanza miradi yake mikubwa ya mashamba ya maji kujaa na kupwa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, ilikuta wakulima hawa wameshatatua tatizo hilo vizazi kadhaa nyuma.

Kazi ya mpunga yenyewe inafanywaje kwa pamoja?

Mpunga wa kienyeji wa bonde la Barito, hasa jamii ya mbegu ziitwazo Siam, huchukua miezi tisa hadi kumi tangu mbegu ya kwanza hadi mavuno. Ni muda mrefu, na sababu ni kwamba mche huhamishwa zaidi ya mara moja. Hupandwa kwanza kwenye kitalu kidogo, hupelekwa kitalu cha pili, kisha cha tatu ambapo unapasuliwa na kuongezeka, ndipo unaingia shamba lenyewe. Kila uhamisho huufanya uwe mrefu na mgumu, uweze kusimama kwenye maji yenye kina.

Wakati miche inakua vitaluni, shamba linafyekwa kwa *tajak*, chombo chenye makali marefu kama upanga uliopindwa, kinachokata nyasi chini ya maji pale pale kwenye shina. Nyasi hazichomwi. Huachwa ziloweke, zikaviringishwa kama mipira, zikageuzwa, na mwisho zikatandazwa kuwa mbolea. Kazi hiyo inavunja mgongo. Mtu mmoja akiifanya peke yake, msimu unampita, kwa sababu maji hayamsubiri. Kwa hiyo watu huenda kwa zamu: leo kwangu, kesho kwako, keshokutwa kwa yule. Mwenye shamba huleta chakula, wengine huleta mikono. Siku ulizofanyiwa zinahesabiwa, na unatakiwa uzirudishe kwa kazi ileile. Siku ya kufyeka hulipwa kwa siku ya kufyeka. Majirani zao Wadayak wa kabila la Ngaju wana desturi kama hiyo, wao wakiiita *handep*.

Mavuno yalikuwa sehemu ya wanawake zaidi. Walikata suke moja moja kwa kisu kidogo cha kiganjani, *ranggaman*, wakiwa safu moja shambani. Aliyesaidia kuvuna aliondoka na sehemu ya mpunga. Mjane asiye na shamba alipata chakula cha mwaka kwa njia hiyo, akiwa amefanya kazi kama wengine na hakuna aliyemwita maskini. Leo mundu na mashine ya kupura vimechukua nafasi kubwa, na nitalirudia hilo chini.

Bubuhan ni nini?

Ni ukoo, lakini ukoo mpana: watu wa damu moja pamoja na waliooa na kuolewa humo, waliokuwa zamani wakiishi pamoja kando ya mto mmoja chini ya mzee wao. Mtu akipatwa na jambo, bubuhan yake ndiyo inayoamka kwanza, kabla ya mtaa. Zamani hata utawala wa sultani ulipita humo humo, kwa wakuu wa bubuhan. Siku hizi neno limetanuka. Utasikia watu wakisema bubuhan kwa maana ya "kina fulani" tu, au kundi la marafiki.

Je, watu hawakulazimishwa? Tumesikia "kazi za kujitolea" ambazo hazikuwa za kujitolea.

Swali hili ni la haki, na msomaji aliyesimuliwa na babu yake habari za kazi za mkoloni atalielewa haraka.

Serikali ya Waholanzi ilidai kazi za lazima kutoka kwa wanavijiji. Mwaka 1899, katika kijiji cha Hantarukung karibu na Kandangan, watu walikataa kwenda kuchimba mfereji wa serikali. Maofisa wa Kiholanzi waliokwenda kuwashurutisha waliuawa, kisha askari wakaja na bunduki na baadhi ya wanakijiji wakapoteza maisha. Nadhani tukio hili linaeleza mengi kuliko kaulimbiu zote. Watu wale wale waliochimba handil vizazi na vizazi, bila mshahara, walikuwa tayari kufa kuliko kuchimba mfereji kwa amri ya mtu asiyekaa nao. Mfereji ni ule ule na tope ni lile lile. Kilichokosekana ni zamu: hakuna Mholanzi aliyekuwa anakuja kesho kuchimba kwao.

Hata baada ya uhuru, hasa enzi za Rais Suharto, neno gotong royong lilitumika mara nyingi kuwatoa watu kwenye kazi zilizoamuliwa juu. Kwa hiyo ukisikia ofisa anaisifu sana desturi hii, angalia nani ameshika jembe.

Mangawah ni nini, na kwa nini wanaume ndio wanaopika?

*Kawah* ni karai kubwa sana, la chuma, ambalo mtu mzima anaweza kukaa ndani yake. *Mangawah* ni kupika kwa kawah. Familia ikiwa na harusi, watu wa kulishwa huwa mamia, na jiko la nyumbani halitoshi. Hapo ndipo wanaume wa mtaa hukusanyika, kwa kawaida kuanzia usiku au alfajiri ya kuamkia shughuli. Wanachimba au kupanga mafiga nje, wanapasua kuni, wanabandika makarai safu nzima, na wanageuza wali kwa miko mirefu inayofanana na makasia. Moto wa kuni hauna kitufe. Lazima awepo mtu anayejua lini kuni zivutwe, lini makaa yatandazwe ili wali uive bila kuungua chini. Mzee mwenye ujuzi huo anaheshimika, na vijana humzunguka wakijifunza kwa macho.

Wanaume hupika kwa sababu kazi yenyewe ni ya uzito: kubeba karai, kuhimili moto, kugeuza kilo nyingi za mchele mara moja. Wanawake nao wako upande wa pili wa uwanja, wakimenya vitunguu, wakisaga pilipili kavu kwa ajili ya *masak habang*, mchuzi mwekundu wa kuku, nyama au samaki ambao kwa rangi unatisha na kwa ulimi si mkali. Wanakata mioyo ya minazi kwa ajili ya supu iitwayo *gangan humbut*. Hapo ndipo habari zote za mtaa hupita: nani anaumwa, nani amepata kazi, mtoto wa nani anachumbiwa.

Ninaposoma habari za mangawah nakumbuka ile hali ya kwetu ya usiku wa kupika pilau la harusi, masufuria yakiwa nje na wapishi wa mtaa hawajalala. Wali ni chakula, lakini usiku ule ndio shughuli yenyewe. Mwenye nyumba anaweza kuwa na fedha za kuagiza chakula chote tayari. Akifanya hivyo, majirani watakula na kushukuru, ila watakuwa wamekuja kama wageni.

Gharama zinabebwa na nani?

Mwenye shughuli ndiye anayebeba sehemu kubwa, lakini habebi peke yake. Ndugu na majirani huleta mchele, nazi, sukari, kuni, au bahasha. Turubai, sahani, karai na vyombo vingine vikubwa mara nyingi ni mali ya mtaa: vilinunuliwa kwa michango, huhifadhiwa pamoja, na huazimwa kwa zamu. Mwaliko wa shughuli huitwa *saruan*, na kuukataa bila udhuru si jambo dogo.

Pia kuna *arisan*, ambayo ni upatu wetu kabisa: kila mmoja anatoa, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Wanawake wengi huiunganisha na kisomo cha Yasini cha kila wiki, kiitwacho *yasinan*. Wanasoma, wanakunywa chai na *wadai*, vitafunio vyao vitamu, wanapitisha mchango, na wakishaondoka mmoja wao ana fedha za kulipia ada ya shule ya mtoto. Na kwa ujenzi wa msikiti au madrasa hufanyika *saprah amal*, siku ya kula na kununua vyakula ambapo fedha zote huenda kwenye jengo.

Msiba unashughulikiwaje?

Mitaa mingi ina *rukun kematian*, chama cha mazishi. Wanachama hutoa mchango mdogo wa kila mwezi au kila mwaka, na mmoja wao akifiwa chama hutoa sanda, mbao, waoshaji na wachimbaji wa kaburi. Wafiwa hawatafuti chochote. Majirani huja *manyalawat*, kuhani, wakiwa wameshika mchele au fedha kidogo mkononi.

Baada ya maziko kuna visomo: siku ya tatu, ya saba, ya 25, ya 40, ya 100, kisha kila mwaka. Ile ya 25 ina jina lake, *manyalawi*, kutoka neno lao la ishirini na tano. Kila kisomo kina chakula, na kila chakula kina wapishi kutoka mtaani. Kuna wanaolalamika kwamba familia maskini huelemewa, na masheikh wao wamejadiliana kuhusu hilo kama wanavyojadiliana wetu kuhusu hitima. Ninachokiona mimi ni kwamba mjane anayetembelewa na mtaa mzima hadi siku ya 100 hajaachwa akae na giza lake peke yake.

Ni tukio gani kubwa zaidi la kusaidiana unaloweza kulitaja?

Haul ya Guru Sekumpul, yaani kumbukumbu ya kifo chake, huko Martapura, kila mwaka karibu na tarehe 5 Rajab.

Guru Sekumpul ndiye Sheikh Muhammad Zaini bin Abdul Ghani, aliyezaliwa mwaka 1942 na kufariki tarehe 10 Agosti 2005. Alikuwa kizazi cha yule Muhammad Arsyad al-Banjari wa mfereji. Kumbukumbu yake ya kila mwaka imekua hadi watu wanaohudhuria wanakadiriwa kwa mamilioni, na Martapura ni mji wa kawaida tu, hauna hoteli za kuwatosha hata sehemu ndogo yao. Wanalala wapi? Majumbani mwa watu. Wenye nyumba hufungua vyumba na baraza kwa wageni wasiowajua, bure. Misikiti na shule hutandika mikeka.

Njiani, kutoka Hulu Sungai, kutoka Kalimantan ya Kati na Mashariki, vijiji husimamisha vibanda vya mapumziko. Mpita njia anaitwa aje ale. Makarai ya mangawah yanachemka mchana na usiku, na mafungu ya wali hutolewa kwa kila mkono unaonyooshwa. Fundi wa pikipiki anaziba pancha bila malipo. Kuna wanaogawa petroli. Wengine hawana cha kutoa isipokuwa nguvu, basi huongoza magari na kuokota taka. Asubuhi ya pili mji unafagiliwa na watu wale wale.

Ni mangawah ya harusi iliyokuzwa hadi ikawa ya mkoa mzima. Hakuna kamati ambayo ingeweza kuyapanga hayo kutoka mwanzo. Yaliwezekana kwa sababu kila mtaa ulikuwa tayari na karai, na tayari una mtu anayejua moto.

Wazima moto wa kujitolea wa Banjarmasin ni habari ya kweli?

Ni kweli, na wengi hushangaa. Mji wa nyumba za mbao zilizobanana huungua kirahisi. Badala ya kungoja magari ya serikali, mitaa ilianzisha vikosi vyake, vinavyojulikana kwa ufupi kama BPK, na sasa mjini humo vipo vingi sana. Kikosi kinaweza kuwa pampu moja ya kubebeka iliyofungwa kwenye gari dogo, mipira kadhaa, redio ya mawasiliano na vijana wa mtaa: muuza duka, fundi, mwanafunzi. Hakuna mshahara. Vifaa hununuliwa kwa michango. Maji yapo kila mahali. Mpira unatumbukizwa mtoni na kazi inaanza. Baadhi ya vikundi vina pia magari ya kubebea wagonjwa na maiti bila malipo.

Kasoro yake ni kasi. Vikosi vingi vikikimbilia moto mmoja kwenye barabara nyembamba, ajali hutokea, na wapo waliokufa wakienda kuokoa. Hili linahitaji utaratibu, na wenyeji wanalijua.

Mwaka wa mafuriko makubwa walifanyaje?

Januari 2021 mvua kubwa zilifunika sehemu kubwa ya Kalimantan Kusini na watu zaidi ya 100,000 walihama makwao. Barabara zilikatika. Majiko ya pamoja yalifunguliwa misikitini na mashuleni, na wenye jukung na boti za injini wakawa ndio magari. Ilionekana wazi pia kwamba kusaidiana hakuzuii mafuriko. Wenyeji wengi walinyoosha kidole kwenye migodi ya makaa ya mawe, mashamba ya michikichi na misitu iliyokatwa kwenye vyanzo vya mito. Kwa hilo karai halitoshi.

Wabanjar waliohama walikwenda na desturi hii?

Walikwenda nayo, pamoja na mfereji wake. Vita vilipowachosha, na pia kwa kutafuta riziki, wengi walihamia Sumatra, hasa Tembilahan katika Riau, na ng'ambo hadi Malaysia: Kerian huko Perak, Sabak Bernam huko Selangor, Batu Pahat huko Johor. Angalia ramani: yote ni maeneo ya kinamasi karibu na bahari. Walichagua ardhi ambayo wengine waliikimbia, wakachimba mifereji kwa pamoja, wakapanda mpunga na minazi. Tembilahan hadi leo Kibanjar kinasikika sokoni.

Desturi inakufa?

Sehemu fulani, ndiyo. Kazi ya zamu mashambani imepungua sana. Mashine ya kupura inakodishwa, kufyeka kunafanywa kwa dawa ya magugu au kwa vibarua, na vijana wako mjini au migodini. Tangu mwaka 2015 vijiji vya Indonesia hupata fedha za maendeleo moja kwa moja kutoka serikali kuu, na kazi za mtaa zilizofanywa bure sasa baadhi hulipwa. Mtu aliyewahi kulipwa kuzibua mfereji hawezi kulaumiwa akiuliza bei mara ya pili. Lakini handil ambayo hakuna anayeisafisha mpaka fedha zije hujaa magugu, na asidi haisomi bajeti.

Harusi za ukumbini zenye chakula cha kuagiza zimezidi mjini. Upande wa pili, haul inazidi kukua, na vyama vya mazishi havijayumba. Naona kinachobaki ni kile ambacho fedha haikifanyi vizuri: kifo, moto, mgeni asiye na pa kulala.

Kuna uhusiano wowote na pwani yetu?

Upo mmoja ninaoupenda. Maulidi ya al-Habshi, yaliyotungwa na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, ndiyo yanayosomwa Lamu kwenye sherehe za Riyadha. Maulidi hayo hayo ndiyo aliyoyaeneza Guru Sekumpul katika Martapura. Masharifu wa Hadhramaut walisafiri pande zote za Bahari ya Hindi. Mtu wa Lamu akiketi Martapura usiku wa maulidi atajua wapi pa kusimama.

Nikialikwa kwenye shughuli ya Wabanjar, nifanye nini?

Fika siku moja kabla kama unaweza. Anayekuja saa ya kula ni mgeni. Anayekuja jana yake ni mtu wa nyumbani. Mwanamume aende penye moto, mwanamke aende penye viungo, au kinyume chake kama una ujuzi na wakikuruhusu. Usiulize kama wanahitaji msaada, watakuambia ukae unywe chai. Shika kuni upasue. Bahasha iwe ndogo na itolewe kwa kificho. Wakubwa kwako waite *kaka*, neno ambalo kwao ni ndugu mkubwa, awe wa kiume au wa kike, na wadogo waite *ading*. Mama wa makamo ni *acil*, na ndiye atakayekuonyesha kisu kiko wapi.